GIA INAPOLIA KRRR!
Tutunzeje giaboksi iliyochoka ya Datsun 240Z?



Gari likipanda kilima hubadili gia. Gia ikiwa nzima, husikii kitu ila ngurumo ya injini inayoshuka na kupanda. Ikiwa imechakaa utasikia "krrr!", kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga. Watoto wa barabarani hucheka. Mwenye gari hacheki, kwa sababu kinachosagika pale ni fedha yake.

Leo tunataka kueleza sauti hiyo inatoka wapi, na mtu afanye nini ili giaboksi iliyokwisha chakaa iendelee kufanya kazi. Tumechagua gari moja la mbio, Datsun 240Z. Ni gari dogo la viti viwili, lenye pua ndefu na mgongo ulioinama. Kampuni ya Nissan ya Japani ililitengeneza kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Injini yake ina silinda sita na ukubwa wa lita 2.4. Kwa hiyo hata lile lililotoka kiwandani mwisho limekwisha pita miaka hamsini. Ni mzee. Na mzee hutunzwa.

Huenda utauliza, gari la mbio linatuhusu nini sisi wakulima? Swali zuri. Kwanza, gari hili si geni kwetu. Wazee wetu waliliona kwa macho. Wakati wa Pasaka, mvua zikinyesha, walisimama kando ya barabara kutazama mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1971 Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller ilishinda, na ya pili ilikuwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akashinda na gari la aina hiyo hiyo, pamoja na Lofty Drews. Tope, mito, mawe, gari likapita. Na tangu mwaka 2003 pameanzishwa Safari ya magari ya zamani, na Datsun za namna hii zimekuwamo. Magari hayo yanahitaji mafundi na wasaidizi wa mafundi, na kijana anayejua kazi hupata kazi.

Pili, tutakayoeleza hayaishii kwenye Datsun. Peugeot 504 kuukuu na magari mengine ya zamani ya gia za mkono yana giaboksi inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Ukiielewa moja, nyingine hazitakutisha.

GIABOKSI NI NINI?

Fikiria baiskeli yenye gia. Ukipanda mlima unatumia gia nyepesi. Miguu inazunguka mara nyingi, gurudumu linazunguka polepole, lakini nguvu ipo. Kwenye tambarare unatumia gia nzito. Miguu inazunguka kidogo, gurudumu linakimbia. Giaboksi ya gari inafanya kazi hiyo hiyo, ila badala ya mnyororo ina magurudumu ya chuma yenye meno, yamefungiwa ndani ya ganda la alumini pamoja na oili.

Ndani ya ganda mna shafti, yaani vyuma virefu vinavyozunguka. Moja huingia kutoka kwenye injini kupitia klachi. Ya pili iko chini, nayo imebeba gia nyingi zilizoshikamana nayo. Ya tatu iko juu, na ndiyo inayotoka nyuma kwenda kwenye propela na magurudumu. Kila gia ya juu imeumana na mwenzake wa chini wakati wote. Meno yao hayaachani kamwe.

Sasa hapa wengi hukosea. Wanadhani ukibadili gia unasukuma gia moja iende ikaumane na nyingine. Hapana. Gia za mbele zimekwisha umana tangu zamani, lakini zile za juu zinazunguka ovyo juu ya shafti yao bila kuivuta. Ukisukuma mkono wa gia, unasogeza kola, yaani pete nene ya chuma. Kola hiyo inashika gia moja na kuifunga kwenye shafti. Hapo ndipo nguvu inapita.

Lakini kola na gia hazizunguki kwa mwendo mmoja. Ni kama kumrukia mtu aliye juu ya baiskeli inayokwenda. Usipokimbia sawa naye, mtaanguka wote. Basi kati ya kola na gia pamewekwa pete nyembamba ya shaba ya manjano. Mafundi huiita sinkronaiza. Pete hii inasugua gia kidogo, kama breki, mpaka mwendo wao unakuwa sawa. Halafu kola inaingia taratibu.

Pete ina mifereji midogo sana ya kukata oili ili ishike vizuri. Miaka ikipita mifereji hiyo inafutika. Pete inateleza, haishiki tena. Kola inafika kabla mwendo haujawa sawa, meno madogo ya pembeni ya gia yanagongana nayo, nawe unasikia krrr. Kila krrr moja inamega ncha za meno hayo. Gia ya pili ndiyo huchoka mapema, hasa dereva anaporudi chini kutoka gia ya tatu kwa haraka.

Jambo moja kwa mafundi. Baadhi ya giaboksi za kwanza za 240Z zilikuwa na pete za mtindo wa Porsche, ambazo ni za chuma na zina umbo jingine. Nyingine zina pete za shaba. Tena Marekani walipelekewa gia nne, na nchi nyingi nyingine gia tano. Kwa hiyo usiagize spea kwa jina la gari tu. Tambua kwanza ni giaboksi ipi.

USILAUMU GIABOKSI KABLA YA KLACHI

Mara nyingi giaboksi husingiziwa, na mwenye makosa ni klachi. Tunasema hili kwa nguvu, kwa sababu kuishusha giaboksi ni gharama kubwa, na wapo watu walioishusha bure.

Kuna njia rahisi ya kupima. Simamisha gari, injini iwe inazunguka taratibu, gia iwe nyutro. Kanyaga klachi mpaka chini. Hesabu pole pole: moja, mbili, tatu, nne. Sasa ingiza rivasi. Rivasi haina pete ya kuisaidia, lakini kwa kuwa umengoja, vyuma vya ndani vingepaswa kuwa vimesimama. Ikiingia kimya, klachi ni nzima. Ikilia krrr hata baada ya kungoja, klachi haiachii sawasawa. Injini bado inazungusha giaboksi ingawa umekanyaga.

Klachi ya 240Z inasukumwa na mafuta ya breki kupitia bomba. Tazama kikopo chake kidogo kilichopo mbele, kwenye chumba cha injini. Kama mafuta yamepungua, yamekwenda wapi? Kuna silinda ndogo pembeni ya giaboksi. Funua kifuniko chake cha mpira. Kukiwa na majimaji ndani, mpira wa silinda umekwisha. Mpira huo ni kitu kidogo, na bei yake haifanani kabisa na bei ya giaboksi.

Ukisha ubadilisha, lazima hewa itolewe. Watu wawili wanatosha. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine anafungua nati ndogo ya silinda, mafuta na mapovu yanatoka, anaifunga, ndipo mwenzake anaachia. Rudieni hivyo mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisiachwe kukauka. Mafuta ya breki hubabua rangi ya gari, kwa hiyo weka maji na kitambaa karibu.

Tena kama klachi iliwahi kubadilishwa, ulizia ilitoka gari gani. Datsun za Z zilikuwa na klachi za vipimo mbalimbali, na kila aina ina kikombe chake kinachobeba beringi ya kusukumia, kirefu au kifupi. Ukichanganya kikombe cha aina moja na klachi ya aina nyingine, klachi inaweza isiachie hata ukikanyaga kwa miguu miwili.

Na mkono wa gia wenyewe je? Ukitikisika ovyo kama jino la mtoto, usiogope. Chini yake mna vipande vidogo vya plastiki ngumu vinavyoushika. Vikilika, mkono unacheza na gia haziingii mpaka mwisho. Ukiweka vipya utadhani umenunua gari jingine.

OILI: SOMA KOPO!

Hapa ndipo tunaomba msomaji akae vizuri. Katika utunzaji wote wa giaboksi kuukuu, hili ni kubwa kuliko mengine.

Katika gereji nyingi kuna pipa moja la oili nzito. Oili hiyo hutiwa kwenye difu, na hutiwa kwenye giaboksi vile vile. "Yote ni oili ya gia," atakuambia kijana wa gereji. Si kweli. Chukua kopo ulisome. Utaona maandishi kama 80W-90, au 90 peke yake. Hiyo ni namba ya uzito. Usiishie hapo. Tafuta herufi GL na namba inayofuata. Kwa giaboksi yenye pete za shaba tafuta GL-4. Kwa difu ni GL-5.

Kuna tofauti gani? Meno ya difu yanasuguana kwa nguvu nyingi sana, kwa hiyo oili ya GL-5 imetiwa dawa nyingi zaidi zenye salfa ili kulinda chuma. Dawa hiyo ni rafiki wa chuma, lakini si rafiki wa shaba. Ikipata joto inaweza kuila shaba pole pole. Tena inateleza mno. Nawe umeona kwamba pete ya sinkronaiza ina kazi ya kusugua. Ikitelezeshwa, haiwezi kazi. Basi mtu anatia oili ya bei kubwa akidhani ameitendea wema giaboksi, kumbe gia zinazidi kulia. Namba moja tu kwenye kopo, 4 au 5.

Kubadili oili si kazi ngumu. Endesha gari kidogo ili oili ipate joto na kulegea. Weka gari mahali tambarare. Linyanyue kwa jeki, kisha uweke stendi za chuma au magogo mapana yasiyoyumba, mbele na nyuma, gari lilale sawa. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki inateleza, na hutapata nafasi ya kujuta.

Giaboksi ina vizibo viwili. Kimoja kiko pembeni, cha kujazia. Kingine kiko chini, cha kumwagia. Anza kufungua cha kujazia! Kwa nini? Ukimwaga oili kwanza halafu ukakuta kizibo cha kujazia kimeganda hakifunguki, umebaki na gari lisilo na oili wala njia ya kuitia. Basi hata kwenda kwa fundi huwezi.

Pokea oili kuukuu katika karai safi. Usiimwage haraka, maana ina habari. Chovya vidole, sugua, tazama juani. Ukiona vumbi linalometa rangi ya dhahabu, hiyo ni shaba ya pete. Kidogo ni kawaida kwa mzee. Nyingi, pete zinakwisha. Ukiona unga mweusi unaoshikwa na sumaku, ni chuma, na kidogo chake si ajabu. Lakini ukiona vipande, au magamba kama ya samaki, beringi au meno yanavunjika, na gari lisiendelee na safari. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Labda gari lilivuka mto, maji yakapita penye sili au kwenye tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi. Tundu hilo lisafishwe, lakini lisizibwe. Likizibwa na tope, joto linasukuma oili itoke penye sili, na watu wanabadili sili kila mara bila kupona.

Funga kizibo cha chini. Tia oili mpya kwa faneli na mpira mrefu ukitokea juu, kwenye chumba cha injini, mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia. Hicho ndicho kipimo chake. Kisha funga. Usivikaze vizibo kwa nguvu za kuonyesha ubingwa. Ganda ni la alumini, linapasuka.

Sehemu nyingine zinazovuja ni sili ya nyuma, inapotoka propela, na pale waya wa spidomita unapoingia. Hizo zinaonekana. Mbaya ni sili ya mbele, maana oili yake huingia kwenye klachi na kuifanya iteleze. Tandika gazeti chini ya gari usiku, na asubuhi utaona matone yameangukia wapi. (Lakini hili ukiwa umekwisha kulisoma!)

KUSIKILIZA

Fundi mzuri husikiliza kabla hajashika spana. Washa injini, gia nyutro, mguu usiguse klachi. Kuna mlio wa kusaga? Kanyaga klachi. Mlio ukitoweka, ni beringi za ndani ya giaboksi, kwa sababu ukikanyaga klachi vyuma hivyo vinasimama. Kama kulikuwa kimya na mlio umeanza ulipokanyaga, ni beringi ya klachi.

Sasa endesha. Katika gia ya nne ya gari hili nguvu inapita moja kwa moja kutoka shafti ya mbele kwenda ya nyuma. Haishuki kwenye shafti ya chini. Kwa hiyo, gari likilia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, likanyamaza katika ya nne, shafti ya chini ndiyo mgonjwa. Likilia katika gia zote, na mlio unaongezeka na mwendo, tazama pia propela na difu.

Gia ikiruka yenyewe kurudi nyutro ukiachia mafuta, usiifunge mkono wa gia kwa kamba. Tumesikia wanaofanya hivyo. Angalia kwanza mpira unaoshika giaboksi chini. Ukikatika, giaboksi nzima inacheza. Ukiwa mzima, basi ni springi na gololi za ndani, au meno ya kola yamekuwa butu. Hiyo ni kazi ya kufungua.

Giaboksi ya 240Z inatoka kwa chini bila kuing'oa injini. Lakini kuifungua ni kazi ya gereji yenye presi ya kusukuma beringi. Beringi mpya ikipigwa nyundo imekwisha kufa kabla ya kuzaliwa. Ikifunguliwa, badilini beringi zote, sili zote na pete zote kwa mara moja, hata ile inayoonekana nzima. Kama meno yenyewe yameharibika, mafundi wengi huona afadhali kufunga giaboksi ya gia tano ya Datsun 280ZX iliyo nzima, kwani inakubali kwenye injini hiyo. Sisi tunaona ni busara, lakini ile ya kwanza isitupwe. Mnunuzi wa magari ya zamani huulizia giaboksi iliyozaliwa na gari.

KUENDESHA GARI LENYE GIA ZILIZOCHOKA

Asubuhi oili ni nzito. Nenda pole pole kwanza. Usiingize gia ya kwanza gari likiwa linatembea. Usiegemeze mkono juu ya mkono wa gia kama fimbo ya mzee, maana uzito wa mkono wako unasukuma uma wa ndani usugue kola bila kupumzika. Usiweke mguu juu ya klachi.

Ukitaka kurudi kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, kanyaga klachi mara mbili kama madereva wa malori ya zamani. Kanyaga klachi, toa gia uweke nyutro, achia klachi. Gusa mafuta kidogo ili injini ipande. Kanyaga tena klachi, ingiza ya pili. Ukishazoea ni kama kucheza ngoma. Mguu unafanya kazi ya pete iliyokwisha, na gia inaingia kimya. Tumeona giaboksi zilizohukumiwa kifo zikiendelea kwa njia hii.

Mteremkoni usizime injini na kuweka nyutro ili kuokoa petroli. Breki zitapata moto peke yake, gari litakushinda. Na giaboksi nayo hukaa kavu. Oili hurushwa juu na shafti ya chini, na shafti ya chini huzungushwa na injini. Injini ikizimwa gari likiwa nyutro, shafti ya juu inaendelea kuzungushwa na magurudumu, lakini hakuna wa kuirushia oili.

Kwa sababu hiyo hiyo, gari likiharibika na kuvutwa kwa kamba safari ndefu, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, ondoeni propela. Imefungwa kwenye difu kwa bolti nne. Kabla ya kufungua, pigeni alama ya chaki kwenye propela na kwenye difu ili irudishwe ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. Halafu ivuteni itoke nyuma ya giaboksi. Oili itaanza kutiririka hapo, kwa hiyo mfuko wa nailoni na kamba viwe tayari mkononi, mzibe tundu hilo na kufunga imara kabla ya kuanza kuvuta.